Kitabu Kilichoomba Macho

Siku ya tatu tangu Sumedha aichokonoe simu ya mkewe kwa siri, nyumba yao ilianza kunuka mti wa sandali. Haikuwa harufu ya kuita majirani. Ilikuwa nyembamba, ikija saa sita mchana, ikikaa kwa muda wa kumaliza sahani moja ya wali, kisha ikiondoka. Na humo ndani hakuna aliyekuwa na sandali. Sumedha alinuka nazi, maana alifanya kazi kwenye kinu cha kukausha nazi nje kidogo ya mji wetu wa Kuliyapitiya, na mkewe Thushari alinuka mafuta ya cherehani.

Mtu mwingine angeuliza. Sumedha hakuuliza, kwa sababu mwenye wivu haulizi, hupeleleza. Aliinama juu ya mto wa mkewe akanusa. Pale ndipo harufu ilipokuwa kali.

"Unanusa nini, kaka?" Thushari aliuliza akiwa mlangoni. Kwetu mke humwita mume kaka, na mume humwita mke mdogo wangu, wala hakuna anayecheka.

"Sinusi kitu. Mto una unyevu."

"Basi uanike. Jua si lipo?"

Thushari alikuwa fundi wa blauzi za sari. Mabibi harusi wa kata nzima walipita mikononi mwake, na simu yake ilijaa picha zao za kipimo: mgongo, bega, kifua kilichofungwa nusunusu kwa pini. Walimwamini. Asubuhi alikata, alasiri alishona, na katikati, baada ya chakula, alijilaza mkekani nusu saa akasoma hadithi kwenye simu. Hadithi za wakubwa, tusidanganyane. Zimeandikwa kwa Kisinhala chetu cha mtaani, zinatoka sehemu kwa sehemu mtandaoni, walioziandika hawana majina, na wanawake wa hapa wanaozisoma ni wengi kuliko wanaokiri. Thushari alizisoma hukohuko zilikowekwa. Hakuwahi kupakua hata moja. Alisema kitu cha bure kisicho na mwenyewe hakiingizwi ndani.

Sumedha hakuumizwa na hadithi. Kilichomuumiza ni tabasamu. Lilikuwepo tabasamu moja dogo lililomjia mkewe akisoma, upande wa kushoto wa mdomo, na katika miaka sita ya ndoa yeye hakuwahi kupewa lile. Alilichukulia kuwa ni mali yake iliyoibwa, akawa anamtafuta mwizi.

Siku tatu kabla ya ile harufu ilikuwa Poya, siku takatifu ya mwezi mpevu. Thushari na mama mkwe wake, Mama Somalatha, walivaa nyeupe alfajiri wakaenda hekaluni kushika amri nane hadi jioni. Mwenye kushika amri haendi na simu. Thushari aliiacha juu ya cherehani. Sumedha akabaki na nyumba, na simu, na mfuko wa nyama ya kukaanga aliyoinunua mlango wa nyuma wa mkahawa, maana siku ya Poya nyama haiuzwi. Aliitembeza ile nyama saa sita ya jua kali bila msumari mfukoni wala kipande cha mkaa. Hata mtoto wa kwetu anajua kwamba kitu cha kukaanga hakitembezwi saa hiyo bila chuma, kwa sababu kuna wasioonekana wanaofuata harufu. Sumedha alijua. Haraka ya wivu ilimsahaulisha.

Namba ya siri ya simu ilikuwa tarehe ya ndoa yao. Jambo hilo lingemtosha mume mwingine, akairudisha simu mahali pake. Yeye aliendelea, akaikuta hadithi ambayo mkewe alikuwa akiisoma, "Mgeni wa Saa Sita". Ndani yake mke wa mfanyakazi wa kinu hutembelewa kila mchana na mwanamume mweusi mtanashati, mwenye sauti ya chini.

"Kinu!" Sumedha alisema peke yake, jasho likamtoka.

Alizisoma sehemu kumi na nne bila kumeza mate. Ya kumi na tano ilikuwa bado haijatoka. Na mwanamume huyu aliyekuja kumpeleleza mke akajikuta anataka kujua kitatokea nini. Chini palikuwa na tangazo jekundu: kitabu kizima, bure, pakua hapa. Akabonyeza. Simu ikamwonya kwamba hicho kitu hakijulikani kilikotoka. Akabonyeza. Ikamwambia kwamba ili kiingie ni lazima azime ulinzi. Akauzima. Kisha kitabu chenyewe kikaanza kuomba. Kione kupitia kamera? Ruhusu. Kisikie kupitia kinasa sauti? Ruhusu. Kisome majina na ujumbe wote? Ruhusu. Kila alipobonyeza, kidole chake kiliacha doa la mafuta ya nyama juu ya kioo.

Kitabu hakikufunguka. Ulikuja ukurasa mweusi tu. Sumedha aliuona uso wake humo, na nyuma ya bega lake aliona kitu kama kilemba. Akageuka upesi. Hapakuwa na mtu. Alifuta kioo kwa shati, akairudisha simu juu ya cherehani, na mkewe aliporudi na maua ya hekalu mkononi akamuuliza ameshindaje, alisema, "Nimelala tu."

Wiki ya kwanza ilikuwa sandali. Wiki ya pili Thushari aliacha kula. Alijilaza mchana kwa nusu saa yake, akaamka amechoka kama aliyebeba maji toka bondeni, macho yameingia ndani. Mumewe alipomgusa bega, alilivuta bega taratibu, bila hasira, na hiyo taratibu ndiyo iliyomkata Sumedha maini. Simu nayo ilikuwa na joto la mtoto mwenye homa hata ikiwa haijatumika, na juu yake kulikuwa na kitone cha kijani kisichozimika.

"Una mtu," Sumedha alimwambia siku moja wakila. Yaani yeye alikula.

"Nina nani?"

"Nakuuliza wewe."

"Nina cherehani na blauzi kumi na mbili," Thushari alisema. "Huyo mtu ningempa saa ngapi?"

"Saa sita."

Thushari alimwangalia. "Kaka, nani kakuambia habari ya saa sita? Naogopa. Nikilala saa sita nasikia mtu anakaa kitako mkekani. Nataka kuamka, siwezi." Akashusha sauti. "Na sijui kama nataka."

Hapo mume mwenye akili angemshika mkono, akakiri alichofanya siku ya Poya. Sumedha alisikia yale maneno ya mwisho tu, akasukuma sahani.

Kesho yake aibu ikatoka nje. Simu ya Thushari ilimtumia kila mtu kitabu kilekile, pamoja na maneno "Nimekipenda, kipakue nawe." Alitumiwa mwalimu wa chekechea. Alitumiwa muuza nyuzi. Alitumiwa Mama Kusuma, mwenyekiti wa chama cha mazishi, mwanamke aliyeweza kumkosoa marehemu namna alivyolala kwenye jeneza.

"Thushari, mwanangu," Mama Kusuma alipaza sauti toka uani ili nyumba nne zisikie, "nimeletewa kitabu na wewe! Miwani yangu imepata ukungu!"

"Mama, si mimi!"

"Jina lako, picha yako, tena umeandika umekipenda. Na umkome mume wangu, naye kapata. Tangu asubuhi anajifungia chooni na simu."

Wanawake walicheka nyuma ya nyua. Thushari alikaa chini kando ya cherehani, akajifunika uso kwa kitambaa cha mteja.

Jioni alikuja Dilini. Huyu alikuwa bibi harusi mtarajiwa, na alifanya kazi kwenye duka la simu njia panda. Hakuingia kwa kicheko.

"Dada, picha yangu ya kipimo imefika kwa wifi zangu," alisema kwa sauti ya chini. "Ile ya pini. Harusi yangu ni mwezi ujao. Wananiuliza nilimpigia nani pozi."

Thushari alimpa simu. Dilini aliifungua, akapekua, uso wake ukabadilika.

"Kuna kitu humu. Kimejiita kitabu, lakini si kitabu. Kinaona, kinasikia, kinatuma. Dada, kitabu kinaomba macho ya nini? Si wewe ndiye unayekisoma?"

"Sijapakua kitu, Dilini. Naapa kwa macho yangu."

"Kimepakuliwa na mtu aliyeikamata hii simu. Tarehe iko hapa." Akasoma. "Siku ya Poya. Saa sita na dakika hamsini na saba mchana."

Mama Somalatha aliacha kupepeta mchele. Mkwewe alikuwa hekaluni siku hiyo, walikaa mkeka mmoja. Wote watatu walimgeukia Sumedha aliyesimama kwenye kizingiti, na nafasi ya kusema ilikuwa wazi kama mlango. Angesema sentensi moja, mkewe angesafishika mbele ya Dilini, na Dilini angekuwa na la kuwaambia wifi zake.

"Aliificha kwenye nguo akaenda nayo hekaluni," Sumedha alisema. "Nilijua tangu siku ile."

Thushari alimtazama mumewe kama unavyomtazama kondakta wa basi uliloshuka, kisha akajilaza, uso akauelekeza ukutani. Dilini alizima simu, akaondoka nayo kwenda kuisafisha dukani.

Siku iliyofuata Sumedha alitoroka kazini kabla ya saa sita ili amkamate huyo mtu kwa mikono yake. Aliiacha pikipiki mbali, akapita nyuma ya migomba, ndala moja ikanasa kwenye tope akaiacha. Jua lilikuwa utosini. Hapakuwa na kunguru wala kuku, na mbwa wa jirani alikuwa amejibana chini ya mkokoteni, masikio yamelala. Alipokaribia dirisha la chumba, sandali ilimpiga puani, nzito safari hii, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine aliyoijua, ya nyama ya kukaanga iliyopoa.

Kisha akasikia sauti ya mwanamume ikisoma.

Mwanzo alisema moyoni kwamba ni ile simu, na alishasogeza mguu ili aingie akaipasue ukutani, hadi alipokumbuka kwamba simu ililala dukani kwa Dilini ikiwa imezimwa, akausogeza uso kwenye upenyo wa pazia na kumwona mkewe amelala chali mkekani, mikono yote miwili ameiinua mbele ya uso wake kama mtu aliyeshika kitu, wala hakushika kitu, na macho yake yakienda kushoto na kulia, kushoto na kulia, akisoma hewa, na kando yake mkeka umebonyea mahali pa mtu mzima aliyekaa kitako, na sauti ikatoka pale palipobonyea, ya chini, isiyo na haraka, na Sumedha akaushika ukingo wa dirisha kwa sababu ile sauti ilikuwa yake mwenyewe, Sumedha, mwana wa Somalatha, sauti yake ileile ya kuomba chumvi na ya kukohoa asubuhi, ila ilikuwa ikisema maneno ambayo yeye hakuwahi kumwambia mwanamke yeyote, kwamba shingo yako, mdogo wangu, ikiinama juu ya cherehani, mimi huacha kula ili niitazame, na kwamba nilipokuona mara ya kwanza kwenye foleni ya zahanati nilitamani maradhi yako yawe marefu ili foleni isiishe, na mkewe akatabasamu lile tabasamu, upande wa kushoto.

Ilikuwa kweli. Walionana kwenye foleni ya zahanati, na alitamani hivyohivyo. Hakuwahi kulisema.

"Na sasa," sauti ikaendelea, "mumewe amesimama dirishani. Mguu mmoja una ndala, mwingine hauna. Anataka kuingia, lakini anataka zaidi kusikia."

Sumedha alipiga kelele. Mkewe aligeuza kichwa, akafungua mdomo, na ile sauti ya Sumedha ikatoka humo.

"Umechelewa, kaka."

Waliingia watu, wakamkuta Thushari anatweta na mumewe amejikunyata nje chini ya dirisha. Mama Somalatha hakungoja maelezo. Aliwatuma wamwite Dingiribanda.

Mzee huyu alikuwa mkuu wa posta mstaafu, mganga kwa urithi wa baba yake, na aliyaendesha mambo ya majini kama alivyoyaendesha mambo ya vifurushi. Alikuja jua likielekea kuzama, na ndimu ishirini na moja, kikatio cha popoo, na beseni la maji. Wanawake wa chama cha mazishi walijaa uani, Mama Kusuma mbele. Dilini alikuwepo pia. Mganga alimnusa Thushari, akamtazama kucha.

"Kalu Kumaraya," alisema. "Mwanamfalme Mweusi. Yeye hali nyama ya mtu, hula upweke wa mwanamke. Anaingia kwa jicho lake, akishakutazama umekwisha. Lakini ana mfalme juu yake, na hakuna jini wa kwetu anayemgusa mwanadamu bila ruhusa. Kila kifurushi kina aliyekitilia sahihi. Tuulize."

Alikata ndimu juu ya kichwa cha Thushari, moja baada ya nyingine, vipande vikianguka majini. Kwenye ya saba Thushari alianza kutikisika. Kwenye ya kumi na mbili alicheka kwa sauti ya mumewe, na wanawake wakarudi nyuma.

"Nani kakupa ruhusa?" mganga aliuliza. "Huyu mwanamke?"

"Huyu alinifungia mlango. Alinisoma nikiwa nje."

"Basi nani?"

"Mwenye nyumba. Niliomba macho, akanipa. Niliomba masikio, akanipa. Niliomba majina ya watu wote, akanipa. Kwa kidole cha mafuta, siku ya Poya, mke yuko hekaluni."

Mama Somalatha alitoa sauti ndogo kama aliyechomwa sindano. Mganga aliweka kikatio chini.

"Kijana, aliyetia sahihi ndiye anayerudisha. Sema mbele ya hawa."

"Mzee, naomba tuseme ndani."

"Ujumbe ulifika kwa watu wote. Maneno nayo yafike kwa watu wote. Mficha uchi hazai."

Mtaamini? Hata pale, mkewe akitetemeka miguuni pake, wivu ulimtangulia. "Kwanza aniambie," Sumedha alisema, sauti ikimkatika, "je, anampenda?"

"Ona mwanamume huyu!" Mama Kusuma alifoka. "Mwenzio anakufa, wewe unauliza barua za mapenzi! Sema!"

Thushari alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Sumedha aliitazama shingo yake, ikainama, na wivu ukamtoka mara moja akabaki na hofu tupu.

"Ni mimi," alisema. Hawakusikia. "Ni mimi! Niliichukua simu yake. Nilitaka kuona anachosoma, nikataka kujua mwisho wake, nikakipakua. Niliruhusu kila kitu. Yeye hakuificha simu kwenye nguo. Nilimzulia. Dilini, picha yako nimeitoa mimi."

Dilini alimsogelea. "Utakuja kuyasema hayohayo kwa wifi zangu," alisema. "Kwa mdomo wako."

"Nitakuja."

Mganga alikata ndimu zilizobaki, akamfunga Thushari uzi mweupe uliosomewa, akapiga kelele tatu za kumfukuza yule bwana kwa majina ya baba zake. Upepo ulipita ndani ya nyumba toka mbele hadi nyuma, pazia likaruka, sandali ikatoweka. Thushari akaomba maji. Kisha akaomba wali. Mama Somalatha alilia akipakua.

Mganga alihesabu vipande vya ndimu kwenye beseni. Vyote vilielea isipokuwa kimoja kilichozama. Alikigusa kwa kidole, akamtazama Sumedha, akamwaga maji upesi. Malipo yake yalikuwa majani ya tambuu.

Sumedha alikwenda kwa wifi wa Dilini, akasimama sebuleni kwao akajieleza huku wakimcheka na kumtukana, na harusi ikafanyika. Simu ilirudi safi. Dilini aliwakusanya wanawake wote wa uani akawaambia wasome wanachotaka, hayo ni yao na nafsi zao, lakini wasipakue kwa wasiowajua, na kitu kikiomba kisichokihusu, wakinyime. Mume wa Mama Kusuma alipelekwa dukani kwa kuburutwa.

Thushari alinenepa kidogo. Hakurudi kusoma. Mumewe alimwonea haya kwa mwezi mzima, hadi Jumapili moja mchana, alipomkuta amejilaza mkekani, naye akakaa kando yake. Alikuwa ameamua. Hakuna bwana mwingine atakayesema yaliyo yake.

"Mdogo wangu," alianza, ulimi mzito. "Shingo yako ikiinama juu ya cherehani, mimi huacha kula ili niitazame."

Tabasamu likaja, upande wa kushoto. Sumedha alilipokea kwa moyo wote, machozi yakamlenga. Akaendelea, habari ya foleni, habari ya zahanati, na maneno mengine yaliyofuata yakamjia yenyewe, mazuri, ambayo hakujua ameyatoa wapi. Alipovuta pumzi, pumzi yake ikanuka sandali.

"Mbona umenyamaza?" Thushari alisema, macho ameyafumba. "Endelea. Tulikomea hapo jana mchana."

Jana, kutoka asubuhi hadi jioni, Sumedha alikuwa kazini kinuni.